Besiboli: Ligi ambayo shabiki humwombea mchezaji wake aondoke

SHABIKI wa Simba, Yanga au Gor Mahia anaposikia kuwa mchezaji tegemeo ameondoka katikati ya msimu, jambo la kwanza analolifanya ni kuulaumu uongozi. Katika ligi ndogo za besiboli nchini Marekani mambo ni kinyume kabisa. Huko shabiki hukata tiketi mwezi Aprili akijua wazi kwamba kijana anayemshangilia kuliko wote ataondoka, na kwamba mambo yakienda vizuri ataondoka mapema.

Ni utaratibu unaoweza kumchanganya mtu aliyezoea soka. Katika soka timu hupanda na kushuka daraja. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki. Wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja, huku timu ikibaki pale pale mwaka hadi mwaka.

Sababu ni kwamba karibu kila timu ya Ligi Ndogo ni tanzu ya klabu moja ya Ligi Kuu. Klabu mama ndiyo inayowasajili wachezaji, inayowalipa mishahara, inayomteua kocha na inayoamua nani acheze wapi. Mwenye timu ya mji mdogo anabaki na uwanja, tiketi, vinywaji na fulana za kuuza. Akiamka asubuhi na kukuta mpigaji wake bora amepandishwa ngazi, hana wa kumlalamikia.

Ili kuelewa namna mashabiki wanavyowafuatilia chipukizi katika mazingira hayo, hakuna mfano mzuri kuliko msimu wa 2018 wa timu ya New Hampshire Fisher Cats ya mji wa Manchester, kaskazini mashariki mwa Marekani.

Manchester ni mji wa watu wapatao 115,000, uliojengeka kwa viwanda vya nguo kando ya Mto Merrimack. Timu yake, iliyopewa jina la mnyama wa misitu ya huko wa jamii ya kicheche, ni tanzu ya Toronto Blue Jays ya Canada tangu mwaka 2004. Hucheza Daraja la AA, ambalo ni ngazi ya pili kutoka juu katika Ligi Ndogo. Juu yake lipo Daraja la AAA, na baada ya hapo ni Ligi Kuu yenyewe.

Mwaka ule kijana aliyesajiliwa na Toronto alianzia katika vikosi vya Jamhuri ya Dominika au Florida, akapita Bluefield, Vancouver, Lansing na Dunedin, kisha akafika Manchester. Aliyevuka hapo alipelekwa Buffalo, kituo cha mwisho kabla ya Toronto. Wengi hawakuvuka.

Wadadisi wa mchezo huo hulitaja Daraja la AA kama chujio. Katika ngazi za chini mpigaji mwenye nguvu anaweza kuishi kwa kuvizia mpira wa kasi ulionyooka. Akifika AA anakutana na warushaji wanaoweza kuupindisha mpira, kuupunguza kasi ghafla na kuurusha pembeni mahali panaposhawishi kupiga lakini pasipopigika. Mwenye kasoro hujulikana ndani ya wiki chache, kwa kuwa habari zake husambaa kutoka timu moja hadi nyingine.

Mwezi Aprili 2018, katika baridi ya New Hampshire, vijana watatu waliingia uwanjani wakiwa na majina ambayo kila mpenzi wa besiboli aliyafahamu kabla hata hawajashika gongo. Vladimir Guerrero Mdogo ni mtoto wa Vladimir Guerrero, mpigaji wa kuogofya aliyevuma na Montreal Expos. Bo Bichette ni mtoto wa Dante Bichette, aliyeongoza ligi ya National kwa homurani mwaka 1995 akiwa na Colorado. Cavan Biggio ni mtoto wa Craig Biggio wa Houston, aliyestaafu akiwa na mapigo salama 3,060.

Homurani, kwa wasioujua mchezo huu, ni pale mpigaji anapoupeleka mpira nje ya uzio na kuzunguka vituo vyote vinne bila kubughudhiwa. Pigo salama ni lile linalomfikisha mpigaji walau kituo cha kwanza.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walisema, na wauza tiketi wa Manchester hawakuwa na haja ya tangazo jingine. Hata hivyo watatu hao hawakuwa na uzito sawa machoni pa wataalamu, na hapo ndipo ufuatiliaji wenyewe unapoanza.

Kabla ya kila msimu, majarida na tovuti za besiboli hutoa orodha ya chipukizi 100 bora. Orodha hizo hutegemea ripoti za wapelelezi wa vipaji ambao hupima kila uwezo wa mchezaji, yaani kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurushia, kwa mizani inayoanzia 20 na kuishia 80. Alama 50 ni ya mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Alama 80 hutolewa kwa nadra sana, na kwa upande wa kupiga Guerrero aliipata akiwa bado mdogo kuliko wanafunzi wengi wa vyuo vikuu.

Bichette, aliyechaguliwa katika raundi ya pili mwaka 2016, naye alikuwa juu katika orodha hizo. Biggio hakuwamo kabisa. Alichaguliwa raundi ya tano mwaka huo huo akitokea Chuo Kikuu cha Notre Dame, na msimu wa 2017 katika Dunedin ulikuwa wa kusuasua. Wengi walimhesabu kama mtu mwenye jina la baba na si zaidi.

Guerrero alikuwa ameshapigiwa tarumbeta hata kabla ya msimu kuanza. Machi 27, 2018, Toronto ilicheza mechi ya kirafiki na St. Louis Cardinals katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, jiji alilozaliwa wakati baba yake akichezea Expos. Akiwa amevaa jezi namba 27, namba ya baba yake, alipiga homurani ya kumaliza mchezo katika awamu ya tisa, Toronto ikashinda 1-0. Siku chache baadaye alipelekwa Manchester. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Yaliyofuata yanahitaji maelezo ya hesabu kidogo. Katika besiboli mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila nafasi kumi huhesabiwa hodari. Wastani wake huandikwa 0.300. Wa mwisho kuvuka 0.400 kwa msimu mzima wa Ligi Kuu alikuwa Ted Williams wa Boston, mwaka 1941. Guerrero aliondoka Manchester akiwa na wastani wa 0.402, homurani 14 na mikimbio 60 aliyoileta nyumbani, yote katika mechi 61.

Ajabu ni kwamba hakuwa bingwa wa kupiga wa ligi hiyo. Kanuni hudai mchezaji awe amefika kwenye nafasi ya kupiga walau mara 378 katika msimu wa mechi 140, naye hakufikisha hata 300. Mwezi Juni aliumia kano ya goti la kushoto na kukaa nje takriban mwezi mmoja. Taji likaenda kwa mwenzake katika timu hiyo hiyo, Harold Ramirez wa Colombia, aliyemaliza na 0.320.

Jina la Ramirez linafaa kukumbukwa, kwa sababu linaonyesha jinsi macho ya wengi yanavyoweza kupotoka. Kila kamera ilikuwa ikimtafuta Guerrero, na bingwa halisi wa kupiga alimaliza msimu bila kelele. Toronto haikumhifadhi. Alijiunga na Miami Marlins, na mwezi Mei 2019 alikuwa tayari anacheza Ligi Kuu.

Kwa shabiki mpya, kosa la kawaida ni kusoma takwimu bila kuangalia umri. Bichette alimaliza msimu ule na wastani wa 0.286 na homurani 11, tarakimu ambazo zikiwekwa kando ya zile za Guerrero zinaonekana za kawaida tu. Lakini alikuwa na miaka 20 katika ligi ambayo wengi wa wapinzani wake walikuwa wamemzidi kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Alipiga mapigo 43 ya kufika kituo cha pili, akaiba vituo 32, na alicheza mechi 131 bila kupumzishwa sana. Mtu anayejua kusoma orodha hizo aliona mchezaji anayejifunza, si anayekwama.

Biggio alikuwa kinyume chake. Alitimiza miaka 23 Aprili ile, umri ambao katika Daraja la AA si wa kujivunia. Ila alipiga homurani 26, akaleta mikimbio 99, na alipewa kituo cha bure mara 100 kwa kuwa na jicho la kukataa mipira mibaya. Alipofika Septemba, wale waliomwita mtoto wa fulani walikuwa wameanza kumtaja kwa jina lake.

Julai 29 mwaka huo, Guerrero Mkubwa aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown. Siku hizo hizo za mwisho wa Julai mtoto wake alipandishwa kwenda Buffalo. Uwanja wa Manchester ukapoteza kivutio chake kikubwa wakati mbio za ubingwa zikiwa zinaanza kupamba moto.

Hapa ndipo mtu wa soka angetarajia timu ianguke. Haikuanguka. Chini ya kocha John Schneider, ambaye naye alikuwa mdakaji wa ligi ndogo asiyewahi kucheza Ligi Kuu hata siku moja, Fisher Cats waliingia hatua ya mtoano wakiwa na Bichette na Biggio. Waliifunga Trenton Thunder, tanzu ya New York Yankees, mechi tatu kwa bila. Kisha wakaifunga Akron RubberDucks, tanzu ya Cleveland, tatu kwa bila vile vile, na kutwaa ubingwa wa Eastern League kwa mara ya tatu baada ya ule wa 2004 na 2011.

Ubingwa huo ulisherehekewa Manchester. Huko Toronto ulipokelewa kwa furaha ya kiasi, kwani klabu mama haimpimi kocha wa AA kwa vikombe. Humpima kwa idadi ya vijana anaowafikisha juu.

Timu za namna hii zina kazi nyingine ambayo watu wa mbali hawaioni: ni maabara ya sheria. Saa ya kumhimiza mrushaji asipoteze muda ilianza kutumika katika madaraja ya AA na AAA mwaka 2015, miaka minane kabla ya kuingia Ligi Kuu mwaka 2023. Mwaka ule wa 2018 ndipo Ligi Ndogo ilipoanza utaratibu wa kumweka mkimbiaji kituo cha pili katika awamu za nyongeza ili mechi zisikeshe. Ligi Kuu iliufuata mwaka 2020.

Sasa turudi kwa Guerrero, maana suala lake lilihusu fedha kuliko mchezo. Kule Buffalo aliendelea kupiga, akamaliza mwaka na wastani wa 0.381 kwa ngazi zote, na jarida la Baseball America likamtangaza mchezaji bora wa mwaka wa Ligi Ndogo. Septemba, mwezi ambao klabu za Ligi Kuu huruhusiwa kuongeza wachezaji, ulifika na kupita. Hakuitwa.

Uongozi wa Toronto ulieleza kuwa kijana bado alikuwa na ya kujifunza, hasa katika ulinzi. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, kwani ulinzi wake katika kituo cha tatu ulikuwa na mashaka. Lakini kila mtu aliyeujua mkataba wa ligi alijua pia hesabu iliyokuwa nyuma yake.

Mchezaji wa Ligi Kuu huwa huru kujiuza kwa klabu yoyote baada ya miaka sita ya utumishi. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172, ilhali msimu una siku kama 187. Klabu ikimweka chipukizi wake katika Ligi Ndogo kwa wiki mbili au tatu za mwanzo wa msimu, mwaka huo hauhesabiki kuwa kamili. Kwa wiki hizo chache klabu hujipatia karibu mwaka mzima zaidi wa kummiliki mchezaji, tena mwaka wa saba ambao kwa kawaida ni wa ubora wake.

Machi 2019 Guerrero aliumia misuli ya ubavuni katika mazoezi, jambo lililoifanya Toronto isihitaji kujieleza zaidi. Alianza kuchezea Blue Jays Aprili 26, 2019. Kwa tarehe hiyo, uhuru wake ulisogea kutoka mwisho wa msimu wa 2024 hadi mwisho wa msimu wa 2025.

Malalamiko yaliyotokana na kesi za namna hiyo yalichangia mabadiliko katika mkataba mpya wa mwaka 2022. Tangu hapo, chipukizi anayeshika nafasi mbili za juu katika kura ya mchezaji bora mgeni wa mwaka huhesabiwa mwaka kamili wa utumishi hata kama aliitwa kwa kuchelewa, na klabu inayompandisha kijana wake bora tangu siku ya kwanza inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kusajili.

Hata hivyo Guerrero alikuwa na fungu la dola milioni 3.9 alilopewa aliposajiliwa mwaka 2015 akiwa na miaka 16. Waliokuwa wakikaa naye basi moja kwenda Portland, Binghamton au Richmond hawakuwa wote na akiba hiyo.

Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara wa Daraja la AA kilikuwa kama dola 1,700 kwa mwezi, zilizolipwa kwa miezi ya msimu tu. Kwa miezi mitano hazifiki dola 10,000. Kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka huo huo kilikuwa dola 545,000. Ndiyo kusema umbali kati ya Manchester na Toronto haukupimwa kwa kilomita.

Machi 2018, wiki mbili kabla ya msimu kuanza, Bunge la Marekani lilipitisha ndani ya sheria ya bajeti kifungu kilichowaondoa wachezaji wa Ligi Ndogo katika haki ya malipo ya muda wa ziada. Wachezaji wengi waliishi wanne au watano katika nyumba moja ya kupanga, na wakati wa baridi walitafuta vibarua. Ni vigumu kuona uungwana wa jambo hilo katika biashara yenye mapato ya mabilioni.

Toronto, kwa haki yake, ilikuwa klabu ya kwanza kuchukua hatua: mwaka 2019 ilitangaza kuongeza mishahara ya wachezaji wake wa Ligi Ndogo kwa takriban asilimia 50. Ligi Kuu nzima ilipandisha viwango mwaka 2021, ikaanza kugharimia makazi mwaka 2022, na mwaka huo ikakubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi ya madai ya mishahara. Septemba 2022 wachezaji wa Ligi Ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Mkataba wao wa 2023 ulipandisha kima cha chini cha Daraja la AA kutoka dola 13,800 hadi 30,250 kwa mwaka.

Mabadiliko hayo yalikuwa na bei yake. Mwaka 2021 Ligi Kuu ilipunguza timu tanzu hadi 120, na miji zaidi ya 40 ikapoteza nafasi. Manchester ilibaki. Trenton, waliokuwa wapinzani katika mtoano wa 2018, waliachwa na Yankees na kuhamia ligi ya majira ya joto ya wanafunzi wanaosubiri kusajiliwa.

Kuhusu kikosi chenyewe cha 2018, kutangulia si kufika. Hukadiriwa kuwa mchezaji mmoja tu kati ya kumi wanaosajiliwa na klabu hufika Ligi Kuu, na hata huyo anaweza kukaa huko wiki moja tu.

Max Pentecost alikuwa mdakaji wa timu hiyo. Mwaka 2014 Toronto ilimchagua wa 11 katika nchi nzima na kumlipa karibu dola milioni 2.9. Bega lilimtesa, alifanyiwa upasuaji mara kadhaa na kupoteza misimu. Mwaka 2018 hatimaye alicheza Manchester akiwa mzima, akatwaa ubingwa pamoja na wenzake, na kabla ya msimu wa 2019 aliamua kuacha mchezo. Hakuwahi kucheza Ligi Kuu.

Jon Berti hakuwa katika orodha yoyote. Alichaguliwa raundi ya 18 mwaka 2011, akapita timu nyingi, na msimu ule alikuwa na miaka 28, mzee kwa vipimo vya AA. Baada ya ubingwa wa Manchester, Toronto ilimwita katika wiki ya mwisho ya Septemba. Chipukizi namba moja duniani alikuwa nyumbani akitazama, na Berti ndiye aliyevaa jezi ya Ligi Kuu. Mwaka 2022, akiwa na Miami, aliongoza Ligi Kuu yote kwa kuiba vituo 41.

Mrushaji Jordan Romano, mzaliwa wa Markham karibu na Toronto, aliachwa wazi katika usajili maalumu wa Desemba 2018 unaozuia klabu kulimbikiza wachezaji. Alichukuliwa, akafikishwa Texas Rangers, ambao walimjaribu na kumrudisha Machi 2019. Miaka mitatu baadaye alikuwa mmoja wa wamaliziaji bora wa mchezo huo, na aliteuliwa katika kikosi cha nyota mwaka 2022 na 2023.

Biggio alifika Toronto Mei 2019, na mwaka huo alipata kura za mchezaji bora mgeni. Kisha ukata wa mapigo ukamwandama hadi alipoachwa mwezi Juni 2024. Bichette, aliyekuwa wa mwisho kati ya watatu kupandishwa, Julai 2019, aliongoza ligi ya American kwa mapigo salama mwaka 2021 na tena 2022. Guerrero alipiga homurani 48 mwaka 2021.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Ndani ya klabu hiyo hiyo ya Toronto, mwaka 2018, alikuwamo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye Aprili 26, 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza Ligi Kuu. Ngoepe alisajiliwa mwaka 2008. Alipita ngazi zote hizi, basi baada ya basi, kwa takriban miaka tisa. Mwaka 2018 alichezea Toronto mechi 13 tu.

Na mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, nchi ambayo mwaka 2012 timu yake ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport. Wao wameanzia chini kabisa ya ngazi, mbali sana na uwanja wa namna ya ule wa Manchester.

Kwa anayetaka kufuatilia kijana wa aina hiyo, kuangalia wastani pekee hakutoshi. Umri wake ukilinganishwa na wa wapinzani, idadi ya vituo vya bure anavyopewa, muda anaokaa katika ngazi moja na siku anazokosa kwa majeraha husema zaidi. Ngazi ikibadilika, tarakimu hushuka kwanza. Zikirudi kupanda ndani ya mwaka huo huo, klabu huanza kumtazama kwa jicho jingine.

Schneider aliitwa Toronto kama msaidizi mwaka 2019 na kukabidhiwa timu Julai 2022. Aprili 2025 Guerrero alitia saini mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 500, miezi michache kabla ya kuwa huru. Vuli ya mwaka huo, kocha na wapigaji wake wawili wa Manchester waliifikisha Blue Jays fainali ya dunia. Katika mechi ya saba Bichette alimpiga Shohei Ohtani homurani ya mikimbio mitatu, lakini Dodgers walishinda 5-4 katika awamu ya 11.